Ekseli ya Kupandikiza: Usidanganywe na Unene wa Chuma

Bila shaka umewahi kuiona Land Rover kuukuu ikipanda mlima wa matope, mitungi ya maziwa imejaa nyuma, abiria wawili watatu wamening'inia, nayo inanguruma polepole kama fahali aliyechokozwa. Ukimwuliza mtu ni nini kinacholisukuma gari lile, atakujibu haraka kwamba ni injini. Si uongo, lakini si ukweli wote. Nguvu ya injini, iwe nyingi namna gani, mwisho wake hupitia kwenye fimbo za chuma zilizofichwa ndani ya ekseli. Fimbo hizo zikishindwa, injini itanguruma bure na gari litabaki pale pale.

Mwalimu mlezi wa Chama chetu alipotutaka kila mmoja aandike juu ya jambo analolijua, wenzangu wengi walikimbilia ngeli na methali. Mimi nimeona niandike juu ya ekseli. Msicheke. Huku kwetu Kinangop ekseli ni karo.

Mjomba wangu ana Land Rover Series IIA ya chasisi ndefu, ile ambayo mafundi huiita "109" kwa sababu kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni inchi 109. Kila alfajiri hukusanya maziwa ya majirani na kuyapeleka kwenye kituo cha kupozea. Maziwa hayana subira. Yakichelewa hukataliwa, na yakikataliwa, karo yangu nayo imekataliwa. Mwaka jana mjomba alitia injini ya dizeli kutoka Japani, yenye nguvu kuliko ile ya awali, kisha akalivalisha gari tairi kubwa. Fundi wake akamwambia wazi: "Mzee, umeongeza nguvu huku mbele, umeongeza tairi huko chini, na katikati umewacha vile vile. Hiyo ekseli ya nyuma utabadilisha, utake usitake."

Mjomba akauza mtamba. Pesa ndiyo hiyo, mtamba wa pili hakuna. Ndipo akaniita, "Mama, njoo na kalamu," maana pale nyumbani hesabu zote za maziwa ni zangu. Haya ninayowaandikia ni yale tuliyoyachunguza kabla ya kutoa hata senti moja.

Tuanze ndani. Ekseli ni bomba la chuma lenye uvimbe kama boga. Ndani ya boga hilo mna difu. Propshafti hutoka kwenye giaboksi ikazungusha gia ndogo iitwayo piniani, nayo piniani ikazungusha gia kubwa ya duara iitwayo krauni. Krauni ndiyo inayozungusha hafushafti mbili, moja kulia na moja kushoto, nazo hafushafti ndizo zinazozungusha magurudumu. Difu ipo ili gari likate kona bila tairi kuburutana, kwa kuwa gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani.

Hafushafti za nyuma za Land Rover za miaka ile huingia kwenye difu kwa meno 10 tu. Kwa injini ya petroli ya lita 2.25 na tairi za kawaida kazi ilikwenda, ingawa hata enzi hizo madereva wa nyikani walipenda kubeba hafushafti ya akiba chini ya kiti. Baadaye watengenezaji wenyewe walitia dawa. Land Rover ndefu za Series III (Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985) zilipewa ekseli ya nyuma iitwayo Salisbury, yenye boga kubwa na hafushafti za meno 24. Ekseli hii ni ndugu wa Dana 60 ya Marekani, ambayo kule hufungwa kwenye pikapu za kazi nzito.

Unene una maana kubwa kuliko tunavyodhani. Fimbo ya chuma inaposokotwa, uwezo wake wa kuhimili huenda na kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara tatu. Ongeza kipenyo kwa asilimia 20 tu, bila kubadilisha aina ya chuma, na uwezo utaongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Chukua 1.2 mara 1.2 mara 1.2, utapata 1.728. Wale wanaouliza hesabu za vipeo zitatusaidia wapi maishani, jibu mojawapo ni hilo.

Sasa, ukishalijua hilo utatamani kukimbilia chuma kinene kuliko vyote katika yadi. Subiri kwanza. Ekseli ya kupandikiza ni kama damu ya kuongezewa mgonjwa. Haitoshi iwe damu ya mtu mwenye nguvu. Sharti iwe ya kundi linalopatana na lake. Na kundi la damu la ekseli, mafundi huliita resho.

Resho ni idadi ya mizunguko ambayo piniani hufanya ili gurudumu lizunguke mara moja. Ekseli za Land Rover ya mjomba ni 4.7, yaani krauni ina meno 47 na piniani ina 10. Ekseli nyingi za Land Cruiser ni 4.11 (meno 37 kwa 9), na nyingine ni 3.70 (37 kwa 10). Kwa hivyo mtu akikuambia tu "hii ni ya Land Cruiser", bado hajakuambia kitu.

Tulikwenda yadi moja ya vyuma vikuukuu Naivasha. Muuzaji akatuonyesha ekseli ya nyuma ya Land Cruiser, nene, nyeusi, imekaa vizuri. "Hii ni chuma ya ukweli, bana! Resho ni ile ile ya Landi. Mzee, wewe weka tu, utanishukuru." Mjomba akaanza kupapasa mfuko. Nikamwambia, "Mjomba, tuhesabu kwanza."

Jinsi ya kuhesabu ni rahisi, na unaweza kuifanya mahali popote. Iinue ekseli juu ya mbao mbili ili magurudumu yaelee. Chora alama ya chaki kwenye kikombe cha piniani, pale propshafti inapofungwa, na alama nyingine kwenye gurudumu. Mtu mmoja alishike gurudumu la kushoto lisisogee hata kidogo. Wewe zungusha la kulia mara 20 kamili huku mwingine akihesabu mizunguko ya piniani. Kwa nini 20? Gurudumu moja likishikwa, kazi ya difu hufanya krauni izunguke nusu tu ya gurudumu lile jingine. Kwa hivyo mizunguko 20 ya gurudumu ni mizunguko 10 ya krauni, na idadi utakayoipata kwenye piniani ni resho mara kumi. Ukipata 47, ni 4.7. Ukipata 41 na kidogo, ni 4.11. Huhitaji kufungua boga wala kumwamini mtu. (Zingatia tu kwamba hesabu hii haifai kwa difu yenye kufuli iliyofungwa; hapo magurudumu yote mawili huzunguka pamoja, na mizunguko 10 inatosha.)

Fundi alishika kushoto, mimi nikazungusha kulia, mjomba akahesabu kwa sauti. Ilipofika 41 na kidogo nikawa nimemaliza. Muuzaji akatazama pembeni. "Lakini tofauti ni ndogo tu," akasema.

Ndogo? Hebu tuone. Tuseme nyuma ni 4.11 na mbele imebaki 4.7, kisha dereva aweke gari kwenye magurudumu manne. Katika Land Rover hizi za zamani, ukifanya hivyo propshafti ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, zikazunguka sawasawa. Propshafti zikizunguka mara 47, magurudumu ya mbele yatazunguka mara 10, ya nyuma mara 11 na zaidi. Katika kilomita moja ya mbele, nyuma inadai zaidi ya mita 140 za ziada. Mita hizo zitapatikana wapi? Tairi lazima ziteleze, au kitu kisokotwe.

Jambo la hatari ni kwamba dereva hataona lolote siku ya kwanza. Kwenye lami gari hutumia magurudumu ya nyuma pekee, kwa hivyo litatoka Naivasha likiteleza kama siagi. Ni pale litakapofika kwenye mlima wetu, dereva akavuta kile kigingi cha magurudumu manne, ndipo ekseli mbili zitaanza kuvutana. Muuzaji alisema kwamba kwenye matope tairi huteleza tu, si neno. Kweli, matope husamehe. Lakini njia zetu hazina matope matupu. Kuna mawe, kuna murram kavu. Hapo tairi hushika, nayo tofauti hugeuka kuwa msokoto unaotafuta sehemu dhaifu kuliko zote. Baada ya kutia chuma kinene nyuma, sehemu dhaifu itakuwa wapi? Itakuwa mbele, kwenye steringi, huku mtu ameshika usukani na mitungi imejaa.

Basi mtu atasema, nunueni ekseli zote mbili za Land Cruiser, mbele na nyuma, mambo yaishe. Hilo ni wazo la haki, na kama pesa zipo, jozi kutoka gari moja ndiyo njia safi kuliko zote, maana resho tayari zinapatana. Lakini tazama kinachopotea. Kutoka 4.7 hadi 4.11, nguvu ya kuvuta kwenye magurudumu hupungua kwa karibu thumni, yaani sehemu moja ya nane. Anayekwenda Nairobi kwenye lami atafurahi, kwa sababu injini itapumua na gari litakimbia. Anayepanda mlima na maziwa hana thumni ya kutoa sadaka, tena yule ambaye tayari amevalisha tairi kubwa, kwani tairi kubwa pia hula nguvu ya kuvuta.

Kuna mengine yanayoonekana kwa macho, nayo sitakaa nayo sana. Gurudumu la Land Rover hizi lina nati tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 165.1. La Land Cruiser lina sita kwenye milimita 139.7, sawa na Hilux na Nissan Patrol. Ukibadilisha nyuma pekee utalazimika kubeba tairi mbili za akiba, moja ya mbele na moja ya nyuma. Tena kuna upana. Kutoka katikati ya tairi hadi katikati ya nyingine, Land Rover ya mjomba ni sentimita 131 hivi. Ekseli za Land Cruiser ni pana zaidi kwa takriban sentimita 10, kwa hivyo vikalio vya springi havitakutana na springi mpaka vikatwe na kuchomelewa upya. Angalia pia boga liko upande gani. Katika Land Rover za Series boga limesogea upande wa kulia, mbele na nyuma, kwa sababu propshafti zinatoka upande huo wa giaboksi. Ekseli ya mbele yenye boga kushoto hata ikiwa ya bure, iache hapo hapo.

Lakini jambo moja nitakaa nalo kidogo, kwa sababu ni la uhai wa watu. Ekseli za nyuma ziko za aina mbili. Katika aina ya kwanza, hafushafti hufanya kazi mbili: inazungusha gurudumu na pia inabeba uzito wa gari. Suzuki ndogo na Hilux nyingi ziko hivyo. Katika aina ya pili, uzito unabebwa na bomba la ekseli kupitia beringi za habu, na hafushafti kazi yake ni kuzungusha tu. Land Rover ya mjomba ni ya aina hii, Salisbury pia, na Land Cruiser pikapu za 75 vilevile. Tofauti utaiona siku hafushafti itakapokatika. Katika aina ya kwanza, ikikatika karibu na gurudumu, gurudumu lenyewe linaweza kuondoka na kukupita njiani. Katika aina ya pili gurudumu linabaki mahali pake. Dereva hufungua nati, akachomoa vipande, akatia gari kwenye magurudumu manne na kurudi nyumbani akivutwa na ya mbele. Kuzitambua si kazi. Tazama katikati ya gurudumu la nyuma: ukiona habu imejitokeza nje na kuzungukwa na duara la bolti, hiyo ni aina ya pili. Kwa gari la kubeba watu na mizigo milimani, mimi nisingekubali aina ya kwanza hata iwe nene kama mgomba.

Ekseli ya mbele ina mashaka yake zaidi, maana humo mna steringi. Ikichomelewa vikalio vya springi kwa pembe isiyofaa, usukani hautarudi wenyewe baada ya kona, na magurudumu yanaweza kutetemeka ovyo gari likishika kasi. Tena kuchomelea bomba kwa moto mwingi mfululizo hulipinda. Mafundi wazuri huchoma kidogo, wakaacha lipoe, wakahamia upande wa pili. Sisi tuliamua mbele isiguswe.

Hapa wapenzi wa Rhino Charge watanung'unika. Mashindano hayo yalianza 1989 kuchangisha pesa za uzio wa milima ya Aberdare, ambao uko karibu nasi na ulikamilika 2009 ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi. Washindani hupewa saa 10 kupitia vituo 13 kwa kusafiri umbali mfupi iwezekanavyo, na njia fupi ndiyo yenye korongo. Kwa gari kama hilo jozi nene mbele na nyuma, na kufuli kwenye difu, ni jambo la lazima. Lakini gari lile hutunzwa na kundi la mafundi, nalo mjomba na spana zake tatu hawalifikii.

Kwa hivyo tulirudi kwenye Salisbury. Resho yake ni ile ile 4.7, nati tano zile zile, upana ule ule, springi zile zile, hata dramu za breki ni za inchi 11 kama zetu. Hii si kusema haina kasoro. Ni nzito. Boga lake linaning'inia chini zaidi, kwa hivyo jiwe lililokuwa likipita sasa litagusa. Na difu yake haichomoki nzima kwa mbele kama ile ya zamani. Ikitaka kutengenezwa hufunguliwa kwa nyuma, na kuipanga upya kwahitaji fundi anayejua. Hayo yote mjomba aliyasikia akayakubali.

Tuliipata katika yadi nyingine, chini ya Land Rover ya Series III iliyogongwa mbele. Hilo lilitupendeza, kwani gari lililogongwa mbele aghalabu nyuma yake ni nzima, ilhali lililobingirika linaweza kuwa limepinda bomba bila kuonekana. Hata hivyo tulivuta uzi kutoka ncha hadi ncha tukaona umenyooka. Tukahesabu: 47. Fundi akafungua bolti ya oili, akaikinga kwenye kopo. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia na beringi huenda zimeshika kutu. Ikimetameta vipande vya chuma, gia zinatafunana. Hii ilikuwa nyeusi tu, na sumaku ilitoka na unga laini wa kawaida. Halafu akashika piniani na kuitikisa kulia na kushoto. Ikacheza kidogo, kama inavyotakiwa. Muuzaji huyu wa pili hakusifu kitu. Alisema bei akanyamaza, na mtamba ukatosha, zikabaki za oili na nauli.

Kazi ya kuifunga ilichukua Jumamosi na Jumapili. Pua ya Salisbury ni ndefu kuliko ya ekseli ya zamani, kwa hivyo propshafti ya nyuma ilikuwa ndefu kupita kiasi, ikabidi ipelekwe kwa fundi wa mashine ikatwe na kusawazishwa. Kipimo kilichukuliwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na mitungi ikiwa ndani, wala si likiwa juu ya jeki, kwani springi zikining'inia propshafti huonekana inahitaji urefu mwingine kabisa. Paipu za breki zilipinduliwa na kukazwa, breki zikatolewa hewa, na oili mpya ikatiwa.

Zile hafushafti mbili za akiba zilizokuwa chini ya kiti haziingii tena nyuma. Mjomba amempa jirani mwenye Land Rover ya 1969, ambaye bado anaijaza viazi hadi juu.